Moshi wa Hospitali ya Masoja

Mmeniuliza wote, mmoja mmoja, kwenye behewa, kwenye foleni ya mchele, hata msibani kwa jirani: Danieli, ulichukua likizo ya siku kumi na nne, umerudi baada ya wiki saba, umekonda, na hutaki kusema ulikuwa wapi. Bosi nilimpa maelezo yanayomfaa bosi. Ninyi nawapa ya kweli, ila msinikatize katikati.

Mnajua kazi yangu. Miaka kumi na miwili nakagua tikiti kwenye treni, na kazi hiyo imeniharibu. Mtu akianza kunipa habari ndefu kabla sijamwuliza kitu, najua hana tikiti. Tabia hiyo nilisafiri nayo, pamoja na kofia ya kazi na filimbi, maana nilitaka wakwe wa dada yangu waone kuwa ana ndugu mwenye cheo. Hapo nilikosea, mtaona.

Dada yangu ni Paulina, na sina mwingine. Sisi ni Wairaqw kwa damu, lakini baba alituleta Tanga kwenye mashamba ya mkonge tukiwa wadogo, yeye akiwa bado mgongoni kwa mama. Kiiraqw changu ni cha kuombea maji tu. Wazazi walifariki, Paulina akaolewa na Emanueli, mwanajeshi, Mwiraqw mwenzetu, akampeleka kukaa na wazazi wake Ganako, karibu na Karatu. Yeye mwenyewe akapelekwa mpakani. Barua ya mwisho ya Paulina ilisema amejifungua mtoto wa kiume, amempa jina langu, na nikienda kumwona nichukue sabuni maana huko haipatikani. Nikajibu mara tatu. Miezi minne, kimya. Ndipo nikafunga vipande sita vya sabuni kwenye mkoba, nikaondoka.

Tanga hadi Mto wa Mbu

Hadi Arusha sina la kuwasimulia, isipokuwa mama mmoja aliyelala begani kwangu kutoka Mombo hadi Moshi, kisha akaniuliza kwa ukali kwa nini nimembana. Arusha nikapata lori la saruji liendalo Karatu. Dereva alikuwa Mwiraqw mmoja mnene, mtaratibu, mwenye sweta ya kijani, jina lake Sulle. Mbele tulikaa watatu: yeye, mimi, na mwalimu kijana kutoka Lindi aliyehamishiwa huko juu na tayari alikuwa anatetemeka kwa baridi.

Ilikuwa Jumapili. Mnakumbuka amri ya mafuta: saa nane mchana magari yanasimama. Saa nane ilitukuta Mto wa Mbu, Sulle akazima injini katikati ya migomba, akashuka kama mtu aliyefika kwake. Tukakaa hapo mpaka Jumatatu. Tulikula wali kwa maharage, halafu ndizi nyekundu, halafu ndizi nyekundu tena. Mwalimu alikula tisa. Nilimwambia atajuta, na alijuta.

Kupanda ukingo

Asubuhi tukapanda ule ukingo, lori likilia, ziwa likibaki chini nyuma yetu. Sulle alikuwa na chupa ya maji aliyoifunga gunia lililolowa ili yasipate moto. Alikunywa, akampa mwalimu, mwalimu akanipa mimi. Hiyo chupa ikumbukeni.

Mwalimu akauliza kama Karatu kuna hospitali, maana tumbo lilikuwa limeanza.

"Ipo," Sulle akasema. "Ila kuna moja usiisogelee. Iko juu ya Ganako, karibu na msitu. Waingereza waliijenga wakati wa vita, ya kutibia masoja. Vita ikaisha, wakaondoka, wagonjwa wakabaki."

"Walibakije?"

"Walibaki walipokufa, mwalimu. Kuna soja mwenye bandeji usoni, anasimama dirishani. Kuna mweupe anayetembea kwenye miti ya mikaratusi. Asubuhi utaona moshi. Na mtoto analia."

Mwalimu alikuwa amekwisha kushika mkono wa mlango. Mimi nikamtazama Sulle kama ninavyomtazama mtu anayepapasa mifuko yote isipokuwa ule wenye tikiti.

"Hospitali ya masoja," nikamwambia. "Mtoto anatafuta nini humo?"

Sulle akabadilisha gia. "Wewe unakwenda kwa nani?" akaniuliza.

Nikamwambia kwa mzee Tluway, Ganako, kwa dada yangu Paulina. Hakusema tena habari za masoja. Hakusema kitu kabisa mpaka Karatu, na mtu aliyekuwa anaongea tangu Arusha akinyamaza ghafla, mimi nashuku.

Ganako

Nilitembea kutoka Karatu, mashamba ya mahindi na ngano pande zote, udongo mwekundu ukinipanda suruali. Mzee Tluway, baba mkwe wa Paulina, alikuwa anatengeneza zizi. Mkewe, Mama Emanueli, alikuwa anapepeta maharage, na wajukuu wawili, watoto wa mtoto wao mwingine, walikuwa wanacheza pembeni. Nilipoingia na ile kofia yangu, wote walisimama.

Tukasalimiana vizuri, nikaletewa kigoda, ugali na maziwa mgando. Kisha nikauliza Paulina yuko wapi.

"Hayupo, mwanangu," Mzee akasema. "Amekwenda Wasso, hospitalini."

"Anaumwa nini?"

"Mambo ya akina mama."

"Na mtoto?"

Mama Emanueli akainuka akaenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe walikuwa palepale, tunawaona. Mzee akasema jioni ina baridi.

"Atarudi lini?"

"Mwezi ukiandama. Wewe rudi Tanga, ukirudi huku mwezi ukiandama utamkuta hapahapa."

Hakuna aliyenikasirikia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Walinipa kitanda kizuri, wakanichemshia maji ya kuoga. Lakini chini ya ghala niliona viatu vya bluu vya Paulina, vile nilivyompa siku ya harusi. Mtu anayekwenda Wasso, siku mbili za lori, anaacha viatu? Na saa kumi hivi Mama Emanueli alipanda kilima akielekea msituni na kibuyu kilichojaa, akarudi nacho kitupu. Nilipomwuliza ametoka wapi akasema kutafuta kuni. Hakuwa na ukuni hata mmoja.

Basi nikajua. Nawaambia nilivyowaza, hata kama ni aibu: niliwaza wamemuua dada yangu, na sasa wanapeleka tambiko kwa mizimu ya ile hospitali ili wasisumbuliwe.

Wasso na kurudi

Hata hivyo nilikwenda Wasso. Uongo kuhusu ugonjwa huwezi kuudharau, maana katika mia mmoja unaweza kuwa kweli. Kutoka Karatu nikapata lori la mahindi. Ukungu juu ya Ngorongoro ulikuwa mzito hivi kwamba utingo alitembea mbele ya gari kwa miguu. Lile bonde maarufu ambalo Wazungu wanatoka kwao kulitazama, mimi sikuliona, kwenda wala kurudi.

Tulipoteremka upande wa pili, vumbi likachukua zamu ya ukungu. Huko springi ikakatika. Dereva akapata gari la kumrudisha Karatu kutafuta nyingine, nasi tukabaki na mahindi. Wamasai waliokuwa wanachunga karibu wakatukaribisha bomani kwao siku mbili. Nilikunywa chai ya maziwa matupu yenye harufu ya moshi wa kibuyu, kikombe baada ya kikombe, mpaka mzee mwenye boma, Ole Kirusu, akaniuliza kama kwetu hakuna ng'ombe. Alikuwa amejifunga shuka mbili na akisema Kiswahili polepole, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwenye mawe.

Nikamweleza safari yangu, na ile hospitali.

"Hiyo naijua," akasema. "Napita hapo na ng'ombe, naenda mnada Karatu. Huyo mzimu nimeona."

"Umemwona?"

"Nimeona. Amebeba ndoo."

"Mzimu anachota maji?"

"Anachota. Na asubuhi kuna moshi. Lakini sikiliza. Ng'ombe akiona chui, anashtuka. Simba, anashtuka. Huyo walimtazama tu, wakaendelea kula majani. Mimi naamini ng'ombe."

Wasso nilifika siku ya tano. Nesi wa zamu akafungua daftari, akapitisha kidole jina baada ya jina kwa uvumilivu ambao mimi sina, akarudia tangu mwanzo. Hakukuwa na Paulina wa Ganako. Akaniambia pole, akanipa uji. Nililia pale kwenye benchi nikiwa nimeshika kikombe cha uji, na wala sioni haya kusema.

Kwa Masoja

Niliporudi Karatu sikwenda kwa mzee Tluway. Nilizunguka kwa juu, mchana kweupe, nikajificha kwenye mikaratusi ile iliyopandwa mistari kama gwaride.

Hospitali yenyewe ni jengo refu la matofali, bati limeshika kutu, milango imeng'olewa. Ukutani kuna alama ya msalaba mwekundu uliopauka. Ndani niliona vitanda vya chuma visivyo na godoro, na namba zimeandikwa juu ya kila kimoja. Nyuma, moshi mwembamba.

Saa kumi Mama Emanueli akaja na kibuyu. Hakuingia. Alikiweka juu ya jiwe bapa, hatua thelathini kutoka ukutani, akakohoa mara mbili, akageuka akaondoka bila kutazama nyuma. Alipopotea, kwenye ule mlango usio na mlango akatoka mtu aliyejifunika blanketi jeupe mpaka kichwani. Alitembea mpaka kwenye jiwe, akainama, blanketi likamdondoka.

Alikuwa Paulina. Nilikimbia nikimwita.

"Usinishike, kaka," akasema, akirudi nyuma, mikono mbele. "Danieli, usinishike."

Nilimshika. Nilimshika mabega yote mawili, nikamvuta kifuani, nikamwuliza nani amemfungia humo, nitawapeleka polisi wote. Yeye akalia kilio ambacho sijakisikia tangu siku tulipomzika mama, na mikono yake aliiacha inaning'inia, haikunigusa.

"Hakuna aliyenifungia," akasema alipoweza. "Tazama. Hakuna hata mlango."

Kisha akanieleza, nikiwa nimekaa kwenye jiwe na yeye amesimama mbali.

Mtoto alikufa akiwa na wiki sita, kwa homa. "Danieli alikuwa na homa siku mbili tu," akasema, na mimi nikasikia jina langu likitajwa kama la marehemu. Kwa Wairaqw, mama aliyefiwa na mtoto anayenyonya hujitenga. Moto wake ni wake, chungu chake ni chake. Hakuna wa kumgusa wala kula naye mpaka muda wake uishe, ili kifo kile kisihamie kwa watoto wengine. Hali hiyo wanaiita metimani. Na pale nyumbani kulikuwa na wale wajukuu wawili. Zamani mwanamke alijengewa kibanda porini, lakini siku hizi viongozi wa kijiji wanavibomoa, na familia inasemwa mkutanoni kuwa ya watu wa kale. Basi wanawake wanakuja hapa. Bati lipo, maji yapo karibu, na hakuna kiongozi anayethubutu kusogea kwa kuwaogopa masoja.

"Na hizo habari za masoja nani aliyezianzisha?"

"Sijui, nilizikuta. Mama mkwe alinifundisha nikiona mtu mgeni nijifunike, nisimame tu dirishani." Akafuta macho. "Kabla yangu kulikuwa na binti aliyezaa bila kuolewa, maana naye hutengwa vilevile. Yeye alikuwa na mtoto wake."

Huyo ndiye mtoto aliyekuwa akilia.

"Kwa nini hawakuniambia?"

"Umekuja na kofia, Danieli. Na wewe unapouliza unauliza kama polisi. Wangekuambia ungefanya nini?"

Ningefanya hayohayo niliyoyafanya.

"Nimebakiza siku kumi na moja," akasema. "Mama hakutazama nyuma, hakuona ulivyonishika. Nenda kanawe mtoni, panda gari, rudi Tanga. Mimi sitasema."

Nikampa ule mkoba. Nilitaka kuuweka kwenye jiwe kama nilivyoona, nikajikuta nimempa mkononi. Akatoa kipande kimoja cha sabuni, akakinusa, akakirudisha. "Nilikuwa nataka ya kumfulia yeye," akasema.

Nikaingia ndani. Alikuwa anakaa kwenye kitanda namba kumi na nne, alichotandika majani makavu. Kulikuwa na chungu kimoja, bakuli moja, kijiko kimoja. Miezi mitatu mtoto wa mama yangu alikuwa anakula akitazama ukuta ulioandikwa kumi na nne. Mila ile sikuipenda siku hiyo na sijui kama naipenda leo, msije mkanifanya mtetezi wake. Lakini kunawa na kumwacha peke yake siku kumi na moja, hapana, hilo lilinishinda.

"Pakua," nikamwambia.

"Kaka, ukila nami utakuwa kama mimi."

"Nimesikia. Pakua."

Yalikuwa makande. Tulikula kwenye bakuli lilelile, kwa kijiko kilekile, tukipokezana. Bakuli lilipoisha akaweka mkono wake juu ya wangu, yeye mwenyewe, akauacha hapo.

Kitanda namba kumi na tano

Kesho yake Mama Emanueli alipoweka kibuyu na kukohoa, nikatokea dirishani.

"Mama, shikamoo. Kuanzia kesho leta chakula cha watu wawili."

Alisimama na mgongo wake kwetu muda mrefu. Bila kugeuka akasema, "Marahaba. Mwanangu, wewe ni mjinga kweli." Siku ya pili kibuyu kilikuwa kikubwa zaidi, na kulikuwa na bakuli la pili.

Mzee Tluway akaja kunipa uamuzi wa wazee, akipaza sauti kutoka kwenye mikaratusi. Siku za Paulina zitabaki kama zilivyo, kwa kuwa kosa si lake. Mimi nimejiingiza mwenyewe, nitakaa mpaka mwezi utakaoandama baada ya ule wa kwake. Barabara ya Karatu haikuwa mbali, nilikuwa nasikia malori. Ningeweza kuondoka wakati wowote, ila wangesema ndugu yake Paulina amekimbia na kifo mgongoni, na maneno hayo yangebaki kwa nani? Yangebaki kwa Paulina.

Siku kumi na moja tulikaa pamoja kuliko tulivyowahi kukaa tangu utoto. Alinisimulia mtoto alivyokuwa: alivyokunja vidole, alivyopiga chafya akiona jua. Hakuna aliyewahi kumwuliza habari hizo, maana mtoto kama huyo hatajwi. Mimi niliuliza kila kitu. Safari hii tabia yangu ya kuuliza ilifaa.

Nami nikajifunza kazi ya usoja. Siku moja akina mama wakata majani walisogea mno, na mtu aliyejitenga anapaswa kuwaonya watu wasimkaribie. Mimi kwa mazoea nikavaa kofia, nikatoka mlangoni, nikapuliza filimbi. Waliacha majani, waliacha mundu, nadhani na viatu. Paulina alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaona haya kwamba amecheka.

Siku yake ilipofika wakamchinjia kondoo kule chini, akaoga kwa ile sabuni, akaondoka na wanawake waliokuja kumchukua. Nilimtazama mpaka mikaratusi ikamficha, nikafurahi kwa kweli.

Kesho yake saa kumi nikasikia mtu anakohoa mara mbili. Nikatazama. Kibuyu kilikuwa juu ya jiwe, na aliyekuwa anaondoka, bila kutazama nyuma, miguuni ana viatu vya bluu, alikuwa Paulina. Sikumwita. Nilijua akigeuka atarudi, na akirudi wote tutaanza upya. Nilichukua chakula, nikakaa kwenye kitanda namba kumi na tano, nikala nikitazama ukuta. Yote aliyonieleza nilikuwa nimeyasikia, lakini siku ile ndiyo niliyoyajua. Alikuja kila siku kwa muda wote uliobaki, akikohoa na kuondoka.

Kurudi

Nilipotolewa walichinja kondoo mwingine, Mama Emanueli akaninawisha mikono mwenyewe, akanirudishia kigoda changu. Paulina alinisindikiza mpaka Karatu, tumeshikana mikono njia nzima kama watoto, watu wakitutazama.

Lori nililopata lilikuwa la Sulle. Mbele kulikuwa na bwana mmoja wa kutoka Moshi, mnunuzi wa maharage, mwenye maswali mengi. Tulipokuwa tunakipa kisogo kilima cha Ganako akaonyesha kwa kidole.

"Ule moshi juu pale ni wa nini?"

Nikatazama. Kweli, ulikuwepo, mwembamba, nyuma ya mikaratusi. Nilikuwa nimeondoka asubuhi ileile, na tayari kulikuwa na mwingine.

"Hapo usipasogelee," Sulle akasema. "Ni hospitali ya masoja. Kuna mwenye bandeji, kuna mweupe. Na siku hizi amezuka afisa wao, mrefu, ana kofia. Anapuliza filimbi kuita wagonjwa wake."

Bwana wa Moshi akageukia kwangu. "Wewe umetoka huko. Ni kweli?"

Kofia ilikuwa magotini pangu. Kwa miaka kumi na miwili sijawahi kumwachia mtu uongo ukapita.

"Ni kweli," nikasema. "Mimi mwenyewe nimemwona. Usipite hapo."

Yule bwana akapandisha kioo. Sulle alikuwa ameibana ile chupa yake ya gunia katikati ya magoti tangu tuondoke, hajampa mtu. Akaitazama kofia, akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kiiraqw, taratibu ili nielewe, kama nimeshatoka.

Nikamjibu kwa Kiiraqw changu kibovu kwamba nimetoka.

Akafungua chupa, akanywa, akanipa mimi kwanza.